Gari Likichemsha, Fundi na Aulize Kabla ya Kushika Spana

Hapana msafiri wa barabara zetu asiyepata kuliona gari limesimama kando ya njia, boneti limeinuliwa, mvuke mweupe ukifoka kutoka mdomoni mwa rejeta, na watu wawili watatu wamelizunguka huku kila mmoja akitoa hukumu yake. Huyu asema maji yamekwisha, yule asema themostati ndiyo mbovu na itolewe itupwe, wa tatu aapa kwamba gasketi imeungua. Na aghalabu aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wenziwe ndiye afuatwaye, spana ikashikwa, kitu kikafunguliwa, fedha ikatoka, na baada ya siku chache gari likachemsha tena mahali pengine. Kusudio la makala haya ni kubainisha kwamba kuchemsha kwa gari ni dalili moja yenye asili nyingi, na kwamba asili hizo hazifanani katika mwenendo wake: kila moja ina wakati wake wa kudhihiri, mahali pake na alama zake, hata mtu mwenye subira akizichunguza kwa utaratibu aweza kuifikia sababu yenyewe kabla hajalegeza nati hata moja.

Joto latoka wapi, na lapelekwa wapi

Petroli iunguapo ndani ya silinda, harara ya gesi zake hupindukia nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa muda mfupi mno, ilhali aluminiamu, ambayo ndiyo madini yaliyoundiwa silinda hedi za magari yetu mengi na hata bloku za baadhi yake, huyeyuka kwa nyuzi 660 tu. Katika nguvu yote iliyomo ndani ya petroli, takriban thuluthi moja ndiyo izungushayo magurudumu. Thuluthi nyingine hutoka pamoja na moshi katika ekzosi. Na iliyobaki, ambayo haipungui sana thuluthi, sharti ichukuliwe na maji, ipelekwe mbele ya gari na kutupwa hewani. Pampu huyasukuma maji ndani ya bloku, yakaizunguka kila silinda, yakapanda hadi silinda hedi palipo na joto kali kuliko pote, kisha yakapita mpira wa juu kuingia katika rejeta, na yakiisha kupoa yakarudi kwa mpira wa chini. Themostati ndiyo vali ya njia hiyo: ndani yake mna nta ivimbayo kwa joto, nayo huisukuma vali ifunguke maji yafikapo takriban nyuzi 82, ili injini ya asubuhi ipate moto upesi na injini ya adhuhuri isizidishe.

Maarifa haya yana historia. Mwaka 1900, Wilhelm Maybach, mhandisi wa kampuni ya Daimler huko Ujerumani, alipounda gari la kwanza la Mercedes, lenye nguvu ya farasi 35, aliliwekea rejeta ya mirija midogo ya mraba ipatayo 8,070, kila mmoja upana wa milimita 6, hata gari hilo likatosheka na lita 9 za maji, kiasi ambacho magari ya kabla yake yasingaliweza kwenda nacho mbali. Alichokitambua Maybach ni kwamba upozaji hautokani na wingi wa maji. Hutokana na ukubwa wa eneo ambalo maji kwa upande mmoja na upepo kwa upande wa pili hukutana. Rejeta ya leo hufuata kanuni iyo hiyo, na ndiyo sababu uchafu mdogo katika mapezi yake, au chokaa kidogo ndani ya mirija yake, huleta madhara makubwa kuliko mtu adhaniavyo.

Kitu kingine kinachodharauliwa ni kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hukichukulia kuwa ni kizibo tu. Maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwa nyuzi 100 pale Tanga au Mombasa, penye usawa wa bahari. Lakini Mbeya na Nairobi, miji iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, shinikizo la hewa ni dogo na maji huchemka yapata nyuzi 94. Kifuniko kizima, chenye springi na mpira wake, huyafungia maji chini ya shinikizo, na kile kilichoandikwa 1.1 juu ya bati lake chaweza kuyazuia yasichemke hata yakapita nyuzi 120 huku pwani. Basi gari lenye kifuniko kilichokauka mpira laweza kuzunguka Dar es Salaam miezi mingi bila ya neno, kisha siku lipandapo Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, likafoka. Mwenye gari akaulaumu mlima, na kosa ni la kitu kilicho miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa chini ya boneti. Kwa sababu iyo hiyo kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto: maji ya nyuzi 110 yaliyozuiliwa kwa shinikizo hugeuka mvuke mara shinikizo litokapo, yakamrukia mtu usoni, na majeraha yake ni mabaya.

Maswali kabla ya spana

Kadhi mwadilifu hatoi hukumu kwa kumtazama mshtakiwa usoni. Huwaita mashahidi, akawauliza walikuwa wapi, saa ngapi, na nini kilitangulia. Fundi naye yampasa kufanya vivyo hivyo, na shahidi wake wa kwanza ni dereva. Gari lilichemsha likiwa katika mwendo au limesimama? Lilichemsha mara baada ya kuwashwa au baada ya safari ndefu? Maji hupungua, na kama hupungua, huonekana yakidondoka? Ni kitu gani kilichofunguliwa au kubadilishwa kabla ya mushkili kuanza? Maswali haya manne hayagharimu hata senti, na majibu yake huziondoa dhana nyingi kabla kazi haijaanza.

Gari lipandishalo joto katika foleni, tuseme Buguruni saa nane za mchana au kwenye kivuko cha Likoni, kisha likapoa lenyewe mara lipatapo mwendo, latuambia kwamba maji yazunguka na rejeta yapitisha, ila upepo haupo. Basi feni ndiyo ya kuangaliwa. Katika Corolla, IST, Vitz na magari mengi madogo, feni huzungushwa kwa umeme, na njia nyepesi ya kuijaribu ni kuwasha kiyoyozi injini ikiunguruma, kwa kuwa katika mengi ya magari hayo feni huanza kuzunguka papo hapo. Isipozunguka, fundi aifuate njia ya umeme hatua kwa hatua: fyuzi, relei, kisha mota yenyewe kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri, mota ikizunguka kwa betri, basi kosa liko nyuma yake, yamkini katika sensa au waya. Tena aangalie kama lile kava la plastiki linaloizunguka feni lipo mahali pake, maana gereji nyingine hulitoa wakati wa kazi na kutolirudisha kwa kudhani ni pambo, na bila ya kava hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Katika Hiace na pikapu nyingi feni huzungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito. Klachi hiyo ikichoka, feni huonekana yazunguka na hali haina nguvu ya kuvuta.

Kinyume chake ni gari litulialo mjini na kuchemsha lipandapo mlima au likimbiapo na mzigo. Hapo upepo upo wa kutosha, na kinachokosekana ni mzunguko wa maji au uwezo wa rejeta. Kwanza na tutazame nje: kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake hukusanyika vumbi, majani na wadudu, tabaka lisiloonekana mpaka vitu hivyo viwili vitenganishwe; nalo huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Kisha ndani: injini ikiisha kupata moto na kuzimwa, uso wa rejeta upimwe kwa kipimajoto cha miale, na pale panapoonekana kiraka cha ubaridi katikati ya joto, ndipo mirija ilipoziba. Mpira wa chini nao usisahauliwe, kwani uko upande wa kunyonywa maji, na ukilainika kwa uzee hubanana wenyewe injini izungukapo kwa kasi, kisha ukajirudi injini itulizwapo, hata asiyeutazama wakati huo asiweze kulijua kosa lake. Pampu hukaguliwa kwa kuitikisa puli yake, isiwe na mchezo, na kwa kulitazama lile tundu dogo lililo chini ya ekseli yake, ambalo alama ya kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) iliyokauka hapo ni ithibati kwamba sili yake imekwisha.

Gari lichemshalo dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi lina maji machache, au hewa iliyonaswa ndani ya njia za maji, au themostati iliyoganda katika hali ya kufunga. Mpira wa juu ukiwa moto wa kuunguza na wa chini ukabaki baridi kabisa, ilhali mshale wa joto umekwisha kupanda, hapo ni bayana kwamba maji hayapiti katika rejeta, na themostati ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Alfajiri, injini ikiwa baridi

Uchunguzi ulio bora hufanywa alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha na boksi la karatasi limetandikwa chini yake. Doa la mbele huelekeza kwenye rejeta na mipira yake. Doa la upande wa mikanda huelekeza kwenye pampu. Na zulia lililolowa miguuni pa abiria wa mbele huelekeza kwenye hita, ambayo ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na ambayo watu wa pwani huisahau kwa kuwa hawana haja ya kuiwasha. Fungua kifuniko na utazame: maji yawe yamefika mdomoni, na rangi yake iwe safi. Maji ya rangi ya kutu husema kwamba chuma chaliwa ndani. Utando wa mafuta juu yake husema jambo zito zaidi. Angalia pia chupa ya akiba, kwani injini ipatapo moto maji hupanda ndani yake na ipoapo hushuka yakarudi katika rejeta; chupa ikijaa kila siku na rejeta ikapungua, basi vali ndogo ya kifuniko, ile ya kurudisha, imekwama.

Kisha, kifuniko kikiwa bado wazi, injini iwashwe, na jicho lisitoke mdomoni mwa rejeta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa itokayo, na hukoma. Lakini mapovu yafululizayo, yakiongezeka kila injini ikanyagwapo mafuta, ni gesi ya silinda iliyopenya kuingia katika maji, na hiyo ndiyo dalili ya gasketi ya silinda hedi. Dalili nyingine huja kuitilia nguvu: mpira wa juu unaokuwa mgumu katika dakika ya kwanza, kabla joto halijaweza kuleta shinikizo, moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, plagi moja iliyosafishwa na mvuke ilhali wenzake ni weusi, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwenye shaka atumie kile kipimo cha maji ya buluu, ambayo hewa ya mdomoni mwa rejeta hupitishwa ndani yake, na yakigeuka manjano ni ushahidi wa gesi ya mwako. Silinda hedi ikifunguliwa, isirudishwe kwa gasketi mpya tu bila ya kuwekewa rula iliyonyooka na kupimwa kwa fila geji, kwa sababu injini nyingi za magari madogo haziruhusu upindaji uzidio milimita 0.05, kiasi ambacho jicho tupu haliwezi kukitambua, na gasketi iliyofungwa juu ya hedi iliyopinda huungua tena.

Themostati na sufuria ya maji

Hapa hapana budi kukemea desturi iliyoenea katika gereji zetu, nayo ni ya kuitoa themostati na kuitupa kwa madai kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha watu wa baridi. Madai haya hayana msingi. Injini iliyoondolewa themostati hukawia kupata moto, na kompyuta yake, ikiona maji hayajafika kiwango, huendelea kumwaga petroli nyingi kama kwamba ni alfajiri siku nzima; petroli hiyo huiosha oili katika kuta za silinda, na injini ikalika kabla ya wakati wake. Zaidi ya hayo, katika Toyota nyingi themostati ina kazi mbili: ifunguapo njia ya rejeta, huifunga njia ya mkato ambayo maji huipitia kurudi injini bila ya kupozwa. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, sehemu ya maji ikaikwepa rejeta, na gari likachemsha mlimani kwa sababu ya tiba ile ile iliyokusudiwa kuliponya.

Kuipima ni jambo jepesi. Nimemtazama fundi mmoja akiifanya kazi hii juu ya jiko la mkaa: aliining'iniza themostati kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse kitako cha sufuria, akatia kipimajoto kando yake, naye akakaa kimya akitazama. Hadi nyuzi 75 chuma kilikuwa kimefumba. Zilipopita 80 ukaonekana ufa mwembamba wa kivuli pembezoni mwa vali. Na maji yalipokaribia nyuzi 95 vali ilikuwa imesukumwa mbali na kiti chake hata ncha ya kidole ingaliweza kupenya. Akaitoa, akaiacha ipoe, ikajifunga. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai alikuwa amepata yakini kwamba kifaa kile ni kizima, akakirudisha mahali pake na kwenda kumtafuta mkosaji kwingine. Laiti kila gereji ingalikuwa na sufuria ya namna hiyo, themostati nyingi nzima zisingalitupwa majalalani.

Desturi ya pili ya kuachwa ni kujaza rejeta kwa maji yoyote yaliyo karibu. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na ya mahali pengi bara yana chokaa. Yote mawili huacha tabaka ndani ya mirija, tabaka ambalo huzuia joto lisitoke. Kulanti kwetu haihitajiki kwa kuzuia barafu, hilo ni kweli. Yahitajika kwa dawa zilizomo ndani yake, zinazolinda aluminiamu, chuma na lehemu visiliwe na kutu, na kwa kuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwa nyuzi zipatazo 107 hata katika chombo kilicho wazi. Asiyekuwa nayo njiani atumie maji safi, ya mvua yakipatikana, na ayabadilishe kwa kulanti afikapo. Lakini kulanti ihifadhiwe mbali na watoto na wanyama, kwa kuwa ethilini glaikoli iliyomo katika kulanti nyingi ina ladha tamu na ni sumu yenye kuua.

Njiani, mshale upandapo

Dereva aonapo mshale wapanda, na azime kiyoyozi, afungue madirisha, awashe hita kwa nguvu zake zote, ingawa jua ni kali, kwa sababu rejeta ile ndogo itamsaidia kutoa joto, kisha atafute mahali pa salama asimame. Mvuke ukiwa umekwisha kutoka, injini izimwe bila ya kungoja. Asiuamini mshale ulioshuka ghafula: sensa husoma joto la maji, na maji yakiisha yote huachwa katika hewa, ikatoa habari ya uongo wakati injini yaungua. Na baada ya kusimama, asimwagie injini maji baridi wala asiyatie ndani kwa pupa, kwani chuma chenye moto kikipozwa ghafula hupasuka au kupinda. Angoje mpaka mpira wa juu uweze kushikwa na mkono na kuminywa, ndipo afungue.

Afikapo gereji, aseme kweli yote. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na dereva anayeficha kwamba aliendelea kwenda kilomita kadhaa mshale ukiwa katika nyekundu humfanya fundi alitafute tundu la rejeta pale ambapo silinda hedi imekwisha kupinda. Fundi naye asione haya kuuliza, wala mwenye gari asimdhanie kuwa hajui kazi kwa sababu ya kuuliza kwake, maana gari lichemshalo aghalabu huwa na sababu ndogo siku ya kwanza, kifuniko, mpira, fyuzi, na huwa na sababu kubwa siku ya tatu, baada ya kila mtu kubahatisha. Shime basi kwa wenye gereji na walimu wa ufundi: liwepo daftari mlangoni, na yale maswali manne yaulizwe na majibu yake yaandikwe kabla boneti halijainuliwa. Bei ya daftari hailingani na bei ya gasketi moja, na fundi atakayezoea kulijaza atawaokoa wateja wake na hasara, na jina lake mwenyewe atalijengea heshima ambayo tangazo haliwezi kuinunua.